Kubadili Msimbo Darasani: Sauti ya Mwalimu na Ubao Wake katika Shule za Kandokando ya Ziwa Victoria



Mada ya mhadhara huu inahusu jambo ambalo kila mtu aliyesoma shule ya sekondari nchini Tanzania amelishuhudia, lakini ambalo ukilitafuta katika nyaraka za sera hulioni. Nyaraka zinasema kwamba mwalimu wa sekondari hufundisha kwa Kiingereza. Mtu akisimama nje ya dirisha la kidato cha kwanza, iwe Igoma, Sengerema au Nansio, atasikia Kiswahili kingi, Kiingereza kiasi, na sentensi nyingi ambazo hawezi kuziweka upande mmoja bila kuzionea. Wanaisimujamii huliita jambo hili kubadili msimbo. Walimu wenyewe huliita kuchanganya lugha, na aghalabu hulitaja kwa sauti ya chini, kana kwamba wamefumaniwa.

Wapo wataalamu wanaotenga istilahi mbili: kubadili msimbo pale msemaji anapotoka lugha moja na kuingia nyingine sentensi inapokwisha, na kuchanganya msimbo pale lugha mbili zinapokutana ndani ya sentensi ileile. Tofauti hiyo ina manufaa yake nasi tutaihitaji baadaye kidogo, lakini kwa jumla nitatumia istilahi ya kwanza kwa hali zote mbili, kwa kuwa mwalimu aliye kazini huvuka mpaka huo mara kadhaa kabla chaki haijaisha mkononi.

Hoja yangu ni kwamba uchanganyaji huu una utaratibu na una kazi, na kwamba madhara anayoyapata mwanafunzi hayatokani na mwalimu kuchanganya lugha anaposema. Yanatokana na mahali uchanganyaji unapokomea: kwenye ubao, kwenye daftari, na kwenye karatasi ya mtihani. Nitaongeza hoja ya pili, ambayo huenda isiwapendeze wapenzi wa Kiswahili, nami nikiwa mmoja wao. Kwa watoto wengi wa kandokando ya ziwa, kidato cha kwanza si mara yao ya kwanza kuondolewa katika lugha wanayoielewa.

Ziwa na lugha zake

Tuanze na mahali penyewe, kwa sababu mjadala wa lugha ya kufundishia nchini umezoea kuendeshwa kana kwamba Tanzania yote ni Kariakoo. Kisukuma ndiyo lugha ya jamii yenye wasemaji wengi kuliko nyingine yoyote nchini, na ndiyo inayosikika kutoka Magu hadi Misungwi na Kwimba. Ukivuka maji, mambo hubadilika. Ukerewe kuna Kikerewe na Kijita. Ukara, kisiwa kidogo chenye watu waliosongamana, kuna Kikara. Upande wa Sengerema na Buchosa, pamoja na visiwa vya Kome na Maisome, Kizinza kimekaa bega kwa bega na Kisukuma. Ukifuata ufuko kuelekea Musoma utapita kwa Wajita, Wakwaya na Waruri kabla ya kuwafikia Wajaluo, ambao lugha yao si ya Kibantu kabisa. Magharibi, Bukoba, ni Kihaya.

Watu wa lugha hizi hukutana kwenye mialo ya uvuvi, vivukoni na katika soko la samaki la Kirumba, na wanapokutana, Kiswahili ndicho hufanya kazi. Ni Kiswahili chenye msamiati wake. Samaki ambaye vitabu vya pwani humwita perege, Mwanza ni sato. Sangara, aliyepandikizwa ziwani katikati ya karne ya 20 na kuvuruga maisha ya viumbe wengine wote wa majini, na furu, ambao aina zao nyingi zilitoweka kwa sababu yake, ni majina ambayo mtoto wa hapa anayajua kabla hajajua kusoma. Mtoto huyo anaingia darasani akiwa na elimu ya viumbe ambayo wakaguzi wa elimu hawajawahi kuiulizia.

Historia ya fasihi ya ziwa hili inatupa mfano mmoja wa kuzingatia. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alikamilisha mswada wa riwaya yake ndefu kwa Kikerewe mwaka 1945. Haikupata mchapishaji katika lugha hiyo. Ilitoka hatimaye mwaka 1980, Dar es Salaam, kwa Kiswahili alichokifasiri mwenyewe, ikijulikana kwa majina ya Myombekere na Bugonoka, naye akafariki mwaka uliofuata. Kwa miaka 35 kazi nzima ilikuwapo, imefikiriwa na kuandikwa hadi nukta ya mwisho, lakini haikuwa na mahali pa kupokewa mpaka ibadilishwe lugha. Msikilizaji na akae na picha hiyo tutakapofika kwenye mtihani wa kidato cha nne.

Mwaka 1972, katika makala iliyochapishwa katika jarida la Language in Society, Mohamed Abdulaziz Mkilifi alieleza hali ya Tanzania kuwa ni ya lugha tatu zilizopangwa kwa ngazi, kila moja na kazi zake: lugha ya jamii nyumbani na katika mila, Kiswahili katika siasa, biashara na elimu ya msingi, na Kiingereza katika elimu ya juu na mambo ya nje. Mchoro wake ulikuwa sahihi, na kwa Mwanza bado ni sahihi kiasi kikubwa. Jambo ambalo mchoro wa ngazi hauwezi kulionyesha ni watu wanaopanda na kushuka ngazi hizo, na darasa ndipo mahali ambapo kupanda huko ni lazima.

Ngazi ya kwanza: darasa la kwanza

Tangu Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967, shule za msingi za serikali zimefundisha kwa Kiswahili kuanzia darasa la kwanza. Uamuzi huo ulikuwa mkubwa na wa haki, na sina nia ya kuubomoa. Kwa mtoto wa Mabatini au Nyakato mjini Mwanza, Kiswahili yamkini ndicho alichokilalia na kukiamkia. Kwa mtoto wa kijiji cha Kwimba au wa Ukara, mambo ni mengine. Ameamkiwa Mwangaluka maisha yake yote, maji kwake ni minzi, na hesabu za kuchunga ng'ombe anazijua kwa majina ya Kisukuma.

Chukua hesabu hizo. Ine na itano za Kisukuma zinafanana na nne na tano kiasi kwamba mtoto hapotei. Akifika sita, saba na tisa anakutana na maneno ya asili ya Kiarabu yasiyofanana na itandatu, mpungati na kenda za nyumbani. Jambo la kuchekesha kidogo ni kwamba kenda ni neno la Kiswahili pia, la wazee, ambalo Kiswahili chenyewe kililiacha na kuchukua tisa. Mwalimu anayelijua hilo ana daraja mkononi. Asiyelijua atadhani mtoto hajui kuhesabu.

Au chukua herufi r. Kisukuma hakitofautishi r na l, hivyo mtoto anaposikia karibu anasikia kalibu, na anaandika anachosikia. Daftarini anawekewa mkasi mwekundu. Kwa mwanaisimu hilo si kosa la tahajia hata kidogo. Ni mfumo wa sauti wa lugha moja unaosikiliza lugha nyingine, na ungeweza kufundishwa kwa nusu saa ya kulinganisha maneno. Lakini ili kulinganisha, lazima kwanza ukiri kwamba lugha ya pili imo darasani.

Mwalimu wa darasa la kwanza aliyezaliwa Usukumani hukiri kwa vitendo. Hueleza kwa Kisukuma, hurudia kwa Kiswahili, huandika kwa Kiswahili. Mwalimu aliyepangiwa kazi huko akitokea Mtwara au Kilimanjaro huweza kulazimika kumtumia mtoto mmoja mchangamfu awafasirie wenzake. Huku ni kubadili msimbo kwa maana kamili ya istilahi, ingawa ni nadra kukukuta katika tafiti zetu. Tafiti nyingi za lugha ya kufundishia Tanzania zimeanzia kidato cha kwanza, zikichukua Kiswahili kuwa mahali pa kuanzia safari. Kwa sehemu kubwa ya nchi hicho ni kituo cha pili.

Ngazi ya pili: kidato cha kwanza

Kwa zaidi ya nusu karne mtoto wa shule ya serikali amesoma miaka saba kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo moja miongoni mwa masomo mengine, kisha akaambiwa kwamba kuanzia Januari biolojia, historia, hisabati na jiografia zote zitasemwa kwa lugha hiyo aliyoisoma kama somo. Hakuna aliyebuni uchanganyaji ili kukwepa sheria. Ulizaliwa siku hiyohiyo, kwa sababu mwalimu mwenye akili timamu hawezi kuzungumza dakika arobaini na watu wasiomwelewa.

Tutazame kisemo kimoja. Nimekitunga mwenyewe kwa ajili ya maelezo, lakini yeyote aliyeketi katika madarasa haya atakitambua. Somo ni biolojia, na mada ni minyoo:

"Okay class, leo tunaangalia bilharzia. Bilharzia ni nini? Ni kichocho. Sasa mtu aki-urinate kwenye maji ya ziwa, yale mayai yana-hatch, halafu vijidudu vinaingia kwenye konokono. So the snail is the intermediate host. Tuseme wote: intermediate…?"

Na darasa zima hujibu: "…host!"

Kisemo hiki ni kifupi lakini kina mambo matatu tofauti ndani yake, na ni kosa kuyaita yote kwa jina moja la uvivu.

Kwanza, aki-urinate na yana-hatch. Carol Myers-Scotton, ambaye nadharia yake ilichapishwa mwaka 1993 na ilijengwa kwa kiasi kikubwa juu ya mazungumzo ya Kiswahili na Kiingereza aliyoyakusanya Nairobi, alionyesha kwamba lugha mbili zinapochanganyika ndani ya sentensi haziwi na uzito sawa. Moja hutoa kiunzi, nyingine hutoa vipande vya kuchopekwa. Katika mfano wetu kiambishi cha nafsi, kiambishi cha masharti -ki-, upatanisho wa ngeli baina ya mayai na ya-, wakati -na-, mpangilio wa maneno, vyote ni vya Kiswahili. Kiingereza kimetoa mizizi miwili ya vitenzi. Hali ni hiyohiyo katika hisabati mwalimu anaposema "tukisha-multiply pande zote tuna-solve". Mkaguzi anayesikia maneno hayo akaandika kwamba somo lilifundishwa kwa Kiingereza kibovu amekosea lugha. Lilifundishwa kwa Kiswahili kizuri chenye mizizi ya kuazima. Na ifahamike kwamba nadharia hii, inayofundishwa leo katika vyuo vikuu vya dunia nzima, imetokana na midomo ya watu wa Afrika ya Mashariki. Tunayo haki ya kuitumia kwetu bila kuomba ruhusa.

Pili, sentensi ya konokono. Hiyo ni Kiingereza kitupu tangu mwanzo hadi mwisho, kisiwa kizima katikati ya maji. Imetamkwa polepole, kwa sauti nyingine, pengine mwalimu akiwa tayari ameelekea ubaoni. Kazi yake si kueleza, kwa kuwa maelezo yamekwisha kutolewa. Kazi yake ni kukabidhi maneno yatakayotakiwa na mtihani.

Tatu, kiitikio. Mwalimu hukata neno katikati, wanafunzi hulimalizia. Nancy Hornberger na Keith Chick, wakilinganisha Peru na Afrika ya Kusini katika kazi yao ya mwaka 2001, waliona mtindo huuhuu na kuuita mazungumzo salama: mwalimu na wanafunzi hushirikiana kulinda heshima ya kila mmoja kwa kuonekana kwamba somo linakwenda. Sauti sitini zikisema host kwa pamoja, ni vigumu kujua ni ngapi zinazojua maana yake. Mimi sioni unafiki hapo. Naona watu waliowekwa katika hali isiyowezekana wakitafuta njia ya kumaliza kipindi kwa amani.

Ubao

Sasa mwalimu anageuka na kuandika. Neno kichocho alilitamka, haliandiki. Maelezo ya mayai, maji na konokono, yaliyokuwa wazi mdomoni mwake, hayaonekani popote. Kinachoandikwa ni fasili ya Kiingereza, mara nyingi ileile iliyomo kitabuni, na wanafunzi wanainakili neno kwa neno. Kiswahili cha mwalimu ni cha mdomo. Kinafika masikioni na kinatoweka kengele inapolia. Mwanafunzi anayetaka kujikumbusha usiku anafungua daftari na kukuta nusu ya somo, tena nusu ambayo hakuielewa. Atafanya nini? Atakariri, au kama wanavyosema wenyewe, atakremu.

Hapa ndipo ilipo kasoro ya mpangilio mzima. Uelewa umejengwa katika lugha moja, kumbukumbu ya maandishi imewekwa katika lugha nyingine, na hakuna mahali popote shuleni ambapo mwanafunzi anafundishwa kutoka huku kwenda kule. Tunachukulia kwamba atavuka peke yake. Baadhi huvuka, na ndio waliomo katika ukumbi huu.

Kisha mtihani. Baraza la Mitihani la Tanzania hutahini kidato cha nne kwa Kiingereza, isipokuwa masomo machache kama Kiswahili chenyewe. Mtahiniwa anayeweza kueleza kikamilifu kwa nini mdogo wake asioge katika maji yaliyotuama penye magugu na konokono hana mahali pa kuweka elimu hiyo. Ataandika sentensi mbili alizozikariri, moja ikiwa imekosewa. Taarifa za uchambuzi wa majibu zinazotolewa na Baraza zimetaja mara kwa mara udhaifu wa Kiingereza miongoni mwa sababu za watahiniwa kufanya vibaya, hata katika masomo ambayo si ya lugha. Mwanza, hili halihusu alama tu. Kichocho ni ugonjwa wa ziwa hili, watoto wanachota maji na kuoga humo, na somo la biolojia ni mojawapo ya nafasi chache walizonazo za kuelewa mzunguko wake.

Kati ya ubao na mtihani kuna jambo jingine dogo ambalo ni la kusikitisha zaidi. Mwalimu akiuliza kwa Kiingereza kama kuna swali, huwa kimya. Akiuliza kwa Kiswahili, mikono huinuka. Katika shule ambazo bango la kuamuru Kiingereza kitumike wakati wote limetundikwa getini, na mwanafunzi akisikika akisema Kiswahili anaadhibiwa au kuvishwa kibao shingoni, mikono hiyo hujifunza kukaa chini. Anayekaa kimya miaka minne haachi kumbukumbu yoyote ya kukaa kwake kimya. Huonekana tu kwenye orodha ya waliopata daraja sifuri.

Namna tulivyofika hapa

Sitakaa sana kwenye historia ya sera, kwa sababu imeandikwa na wengi. Penina Mlama na May Matteru walionyesha mapema, katika utafiti uliochapishwa na BAKITA mwaka 1978, kwamba wanafunzi wa sekondari hawakuwa wakikielewa Kiingereza walichofundishiwa na kwamba Kiswahili kilihitajika. Tume ya Rais ya Elimu chini ya Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari ianze kuhamia Kiswahili kuanzia mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa.

Mwaka 1984 unastahili kuangaliwa kwa makini zaidi. Wataalamu wawili kutoka Uingereza, Clive Criper na William Dodd, waliwapima wanafunzi na kukuta kwamba takriban asilimia 10 tu ya wanafunzi wa kidato cha nne walikuwa katika kiwango ambacho elimu kwa Kiingereza ingeweza kuanza. Kuanza, si kumalizika. Baada ya kuandika hayo wakapendekeza Kiingereza kiendelee kufundishia, ila kiimarishwe. Mwaka huohuo Mwalimu Nyerere, ambaye hakuna anayeweza kumshuku kwa kukidharau Kiswahili, alikiita Kiingereza Kiswahili cha dunia na kutaka kibakishwe. Hofu yake ilikuwa kwamba kikiondolewa kufundishia kingekufa kabisa nchini. Zaline Roy-Campbell na Martha Qorro walijibu hoja hiyo kwa kirefu katika kitabu chao cha mwaka 1997, na Qorro ameendelea kusisitiza kwamba kufundisha lugha na kufundisha kwa lugha ni mambo mawili. Mradi wa LOITASA, ulioanza mwaka 2002 kwa ushirikiano wa watafiti wa Tanzania, Afrika ya Kusini na Norwei, uliongeza ushahidi wa madarasani, na Halima Mwinsheikhe aliuchunguza ufundishaji wa biolojia hasa, yaani somo lilelile la mfano wetu.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, iliyozinduliwa Februari 2015, ilitamka kwamba Kiswahili kitatumika kufundishia katika ngazi zote, na karibu na tamko hilo ikatamka kwamba matumizi ya Kiingereza katika kufundishia nayo yataimarishwa. Mtu anaweza kusema kwamba sera yenyewe ilibadili msimbo. Hadi leo, hata baada ya toleo jipya la sera hiyo kuzinduliwa mwaka 2025, lugha rasmi ya kufundishia sekondari ni Kiingereza. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya SADC tangu mwaka 2019 na lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika tangu mwaka 2022. Mlango wa kidato cha kwanza bado kinauona kwa nje.

Wanaolaumu

Uchanganyaji unalaumiwa na kambi mbili ambazo hazipatani kwa jambo lingine lolote. Watetezi wa Kiingereza wanasema unamnyima mwanafunzi mazoezi ya Kiingereza. Watetezi wa Kiswahili sanifu wanasema unazaa lugha chotara, na kwamba mwalimu anayesema "yana-hatch" badala ya "yanaanguliwa" anaua istilahi ambazo Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilizihangaikia.

Kambi ya kwanza ingekuwa na hoja kama Kiingereza kisichoeleweka kingehesabiwa kuwa mazoezi. Hoja ya kambi ya pili ni nzito zaidi kwangu. Ni kweli kwamba Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilitoka mwaka 1990, na kwamba neno kama usanisinuru ni jepesi kwa mtoto anayejua nuru ni nini kuliko lile la Kigiriki lililopitia London. Lakini mwalimu hawezi kulaumiwa kwa kutotumia istilahi ambazo kitabu chake hakina, mtihani wake hauzikubali na chuo alichosomea hakikumfundisha. Istilahi huishi kwa kuandikwa ubaoni, na Kiswahili hakiandikwi hapo. Kambi hii inamkemea mwalimu kwa jambo lililoamuliwa mbali naye.

Wapo pia wazazi, na hao hawalaumu, wanahama. Tangu shule binafsi za msingi zinazofundisha kwa Kiingereza ziliporuhusiwa kupanuka katika miaka ya 1990, mzazi wa Mwanza mwenye uwezo humpeleka mwanawe huko. Mtoto huyo anafika kidato cha kwanza akiwa ameketi sawa katika lugha ya mtihani, na anashindanishwa na mtoto wa shule ya kata ya Ukerewe kwa karatasi ileile, siku ileile. Tofauti ya kipato imegeuzwa kuwa tofauti ya akili, na cheti kinaithibitisha.

Yanayowezekana

Huko Wales, katika miaka ya 1990, mwalimu na mtafiti Cen Williams alielezea madarasa ambayo mwanafunzi hupokea habari kwa lugha moja na kuzifanyia kazi kwa lugha nyingine kwa makusudi: anasoma kwa Kiingereza, anajadili na kuandika kwa Kiwelisi. Mtindo huo umepewa jina na kuenea duniani. Walimu wa Mwanza walikuwa wakibadili lugha darasani muda wote huo, ila bila mpango, bila jina na bila ruhusa. Wales, kuvuka kutoka lugha moja kwenda nyingine kulikuwa ndilo zoezi lenyewe. Kwetu kuvuka huko ni siri ya mwalimu na adhabu ya mwanafunzi.

Kuna mambo ambayo hayahitaji kungoja mabadiliko ya sera. Ubao unaweza kugawanywa kwa mstari katikati, dhana ikaandikwa kwa lugha zote mbili na daftari likabeba yote mawili. Vyuo vya ualimu, Butimba kikiwa karibu hapa, vinaweza kumfundisha mwalimu mtarajiwa lini abadili lugha na kwa kazi gani, badala ya kumfundisha kwamba haifai halafu kumwacha ajifunze mwenyewe akifika kazini.

Kuhusu mtihani, tunaambiwa haiwezekani kutunga kwa lugha mbili. Baraza hilohilo la Mitihani hutunga mtihani wa kumaliza elimu ya msingi kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, kwa sababu kuna shule za aina mbili, na alama za pande zote mbili hulinganishwa bila manung'uniko. Utaratibu umo, wataalamu wamo, na mitambo ya uchapaji imo. Kinachohitajika ni kuamua kwamba anachostahili mtoto wa shule binafsi ya darasa la saba, anakistahili pia mtoto wa shule ya kata ya kidato cha nne: kuulizwa biolojia kwa lugha aliyofundishiwa kwelikweli.

Linabaki suala la ngazi ya kwanza, na sipendi tuliruke kwa sababu linatugusa sisi wenyewe. Hoja zote tunazozitumia dhidi ya Kiingereza cha kidato cha kwanza zinaweza kutumiwa na mtoto wa Ukara dhidi ya Kiswahili cha darasa la kwanza, na itatuwia vigumu kumjibu. Najua jibu la kawaida, kwamba Kiswahili ni lugha dada, kwamba mtoto hukipata haraka, kwamba umoja wa taifa ulidai hivyo. Yote matatu yana ukweli. Hakuna hata moja linalozuia mwalimu wa darasa la kwanza kuruhusiwa waziwazi kueleza kwa Kikara mpaka Kiswahili kikomae, wala kitabu cha hesabu cha Kwimba kuitaja kenda kando ya tisa. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 ilikwisha kuzitambua lugha za jamii kuwa hazina. Hazina hiyo bado haijafika katika miezi sita ya mwanzo ya darasa la kwanza.

Kazi ya utafiti ipo na si ya gharama kubwa. Wanafunzi wa isimu walioko Nyegezi wanaweza kuvuka kwa kivuko hadi Ukerewe na kuketi nyuma ya darasa la kwanza kwa muhula mmoja, wakihesabu jambo moja tu: ni mtoto gani aliyeuliza swali, na aliuliza kwa lugha ipi. Wawafuatilie watoto haohao, kama watawapata, mpaka kidato cha kwanza, na wahesabu tena.